Pepa imetoka kapa, usiifute: namna ya kushughulika na tafiti zisizokuta kitu kwenye meta-analisisi ya picha za ubongo

Wadau salama? Hapa Dodoma upepo wa mwezi wa nane unapiga mpaka mabati yanaongea yenyewe, nimejifungia ndani naandika hii kitu kabla sijaisahau.

Wiki iliyopita dogo mmoja anayesoma masta alinifuata hapa Area C na laptopu yake, anafanya meta-analisisi ya fMRI (picha za ubongo ukiwa kazini) kwa wagonjwa wa sonona, yani anakusanya tafiti za watu wengine afu anaziunganisha aone ni sehemu gani ya ubongo inajirudia rudia. Akaniambia kaka nimebaki na pepa 24, kazi imeisha, nisaidie tu kuziingiza kwenye programu. Nikamuuliza mwanzo zilikuwa ngapi.

"Zilikuwa 31 kaka, ila saba zilitoka kapa, hazina koodineti hata moja, zile namba za mahali kwenye ubongo, nikazifuta."

"Umezifuta kwenye uchambuzi au umezifuta kabisa?"

"Kabisa, hata kwenye eksel hazimo."

Nikamwambia mdogo wangu kaa chini, chai hiyo hapo, leo hatuondoki mapema.

Sasa hili jambo mtu wa Dodoma anatakiwa alielewe haraka kuliko mtu wa Dar, maana sisi habari za kuchimba visima tunazijua. Vuta picha mtu anazunguka Bahi, Chamwino, Hombolo mpaka Mpwapwa, kila kisima kilichotoa maji anaandika GPS yake, ila pale watu walipochimba wakaambulia mawe haandiki kitu, afu anarudi mjini anachora ramani. Ramani itapendeza, na itakuonyesha kweli visima vyenye maji vimejazana wapi, ila ukimuuliza "nikichimba pale nina nafasi gani ya kupata maji" hana jibu, kwa sababu hajui wangapi walichimba palepale wakakosa. Ndo alichofanya dogo na zile saba.

Na kuna la pili ambalo watu wengi wanalikosa. Aliyechimba mita 60 akakosa hajaonyesha kwamba chini hamna maji, ameonyesha kwamba mpaka mita 60 hajayaona. Mwenzake akishuka mita 150 palepale anaweza akayakuta. Pepa ya ubongo iliyotoka kapa iko hivohivo, haisemi tofauti ni sifuri, inasema tofauti haijavuka kizingiti walichojiwekea. Ukilishika hili yote yanayofuata hapa chini utayaelewa bila kukariri.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Chukua utafiti wenye wagonjwa 20 na wazima 20, kizingiti p<0.001 kwa kila vokseli (vokseli ni kile kipande kidogo cha picha ya ubongo, kama kimchemraba). Kwa watu hao kizingiti hicho, kwa kipimo cha upande mmoja, ni t ya kama 3.32 (t ni tofauti ya makundi ukiilinganisha na kuyumba kwa bahati tu). Kuigeuza kuwa d, yani ukubwa wa tofauti yenyewe, unazidisha t na kipeuo cha pili cha (1/20 + 1/20), yani 3.32 mara 0.316, unapata d ya 1.05. Maana yake hiyo pepa ingeweza kabisa kupima tofauti ya d 0.8, ambayo kwa viwango vya Cohen inaitwa kubwa, na bado ikaandika "hatukukuta kitu". Sasa weka wagonjwa 100 na wazima 100, t inashuka mpaka 3.13 na d ya mpaka inakuwa 0.44 tu. Kwa hiyo kapa ya watu 40 na kapa ya watu 200 hazilingani hata kidogo, ya kwanza imechimba mita 20 ikachoka, ya pili imeshuka kweli. Na tafiti zetu hizi nyingi ni zile za mita 20, Button na wenzake mwaka 2013 walipima nguvu ya kitakwimu (uwezo wa kuiona tofauti iliyopo kweli) ya tafiti za picha za ubongo wakapata wastani wa kati wa asilimia 8. Asilimia nane wadau. Kwa nguvu hiyo cha kushangaza sio kapa kuwepo, cha kushangaza ni zilivyo chache kwenye majarida.

Haya tuingie kazini. Kitu cha kwanza kabla hujagusa programu ni kutenganisha kapa, kwa sababu vitu vinne vitano tofauti vyote watu wanaviita kapa.

Kuna kapa ya kweli. Wameangalia ubongo mzima, kizingiti kimoja kila mahali, hawakupata klasta hata moja (fungu la vokseli jirani zilizovuka kizingiti), wameandika hivyo waziwazi. Hiyo itunze kama mbegu ya msimu ujao.

Kuna pepa ambayo imekuta kitu ila haijatoa koodineti, imeweka picha yenye rangi nyekundu na maneno "amigdala ilionyesha ongezeko". Hiyo SIO kapa! Hiyo ni taarifa iliyokosekana. Ukiiingiza kama faili tupu umemsingizia mwandishi kwamba hakuona kitu wakati aliona, na hapa ndo nimeona makosa mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Dawa yake ni imeili kwa mwandishi, akinyamaza unaitoa na sababu unaiandika.

Kuna iliyoangalia eneo teule tu, labda hipokampasi peke yake. Hii ni sawa na mtu kwenda kuchimba Makutupora ambako mji mzima wa Dodoma unajua maji yapo. Akipata hatushangai, akikosa hajatuambia lolote kuhusu Kongwa. Hizi unazitoa zote, zilizokuta na zisizokuta, kwa sababu ALE na SDM (njia mbili za kuunganisha tafiti, nazieleza chini) zote zinachukulia kwamba kila vokseli ilipewa nafasi sawa ya kutokea. Kinachoniudhi ni mtu anatoa kapa za eneo teule kwa kusema "sio ubongo mzima" afu zilezile za eneo teule zenye koodineti nzuri anaziacha ndani. Huo ni wizi, samahani kwa lugha.

Halafu kuna ya katikati, wameangalia ubongo mzima wakakosa, wakarudi na kizingiti laini kwenye kaeneo kadogo wakapata pointi mbili. Watu wanachukua zile pointi mbili. Hapana, zile pointi unaziacha na pepa inaingia kama kapa ya ubongo mzima, mradi kizingiti cha ubongo mzima wamekitaja. Angalia pia kama mashine ilipiga ubongo wote, kuna pepa picha zinakatika kabla ya serebela, hao kwenye serebela hawajatoka kapa, hawajafika kabisa.

Na nusu kapa, wagonjwa zaidi ya wazima walipata pointi, wazima zaidi ya wagonjwa hawakupata. Ukitumia ALE na unachambua kila upande peke yake andika kwamba kwa upande huu pepa hii ilikuwa kapa, utaihitaji unapohesabu.

Sasa kuzitafuta. Kapa hazijitangazi kwenye kichwa cha habari, utakuta pepa inaitwa kitu kuhusu tiba au kumbukumbu au usingizi, na ndani kabisa ya matokeo kuna sentensi moja, hamna tofauti iliyovuka kizingiti kati ya makundi, basi. Kwa hiyo usichuje kwa muhtasari peke yake na usiweke sharti la "lazima iwe na koodineti" wakati wa kutafuta, sharti lako liwe "wamelinganisha makundi kwenye ubongo mzima", ya koodineti yaje baadaye. Fungua viambatisho pia hata kama bando inaisha. Na haya yote yaandike kwenye itifaki yako kabla hujaanza, ukiweza isajili PROSPERO (daftari la mtandaoni la kusajili mapitio ya tafiti), kwa sababu ukishaona ramani ya matokeo mkono unakuwa mwepesi sana wa kuamua kwamba pepa fulani "haikuwa na ubora". Nimewahi kuwa na mkono huo mwenyewe.

Eksel yako kila pepa iwe na mstari, hata ile unayoitoa. Weka watu wangapi kila kundi, kazi waliyofanya ndani ya mashine, ubongo mzima au eneo teule, kizingiti ni kipi na ni cha vokseli au cha klasta, programu waliyotumia, nafasi ya koodineti ni MNI au Talairach (mifumo miwili ya kupimia mahali kwenye ubongo), idadi ya pointi kwa kila upande (na sifuri iandike 0, usiache wazi! wazi maana yake hujui, 0 maana yake umeangalia hamna), na aina ya kapa kama nilivyozitaja. Safu ya mwisho ni ya imeili, lini umemwandikia mwandishi na kajibu nini.

Imeili yenyewe iwe fupi. Usimwombe "data zako", watu wanaogopa hilo neno. Mwombe ramani ya t ambayo haijakatwa kizingiti, ni faili moja tu na haina sura ya mgonjwa wala jina. Ukiipata hiyo suala la kapa limekufa kabisa kwa pepa ile, kwa sababu sasa unajua tofauti ilikuwa kiasi gani kila vokseli, juu au chini ya kizingiti. Kabla hujaandika angalia NeuroVault, hifadhi ya mtandaoni ya ramani kama hizo, wengine wameshaziweka hapo tayari. Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, basi, usimsumbue mtu wa watu.

Programu sasa, na hapa ndo penye nyama.

GingerALE, programu ya kuendesha ALE, inatumiwa na wengi kwa sababu ni rahisi, unaandika faili la maandishi lenye jina la pepa, idadi ya watu na koodineti zako. Kila pointi inageuzwa kuwa kidonge cha uwezekano, utafiti wenye watu wengi kidonge chake kinakuwa chembamba, afu vidonge vya kila utafiti vinaunganishwa kwa kanuni ya moja kutoa jibu la kuzidisha (1 − MA) zote, ambapo MA ni ramani ya utafiti mmoja mmoja. Sasa kapa haina pointi, MA yake ni sifuri kila mahali, moja kutoa sifuri ni moja, na kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu. Umeona? Ukiweka kapa saba au sabini ramani inatoka ileile. Hii sio hitilafu ya programu, ALE haiulizi "kuna tofauti hapa?", inauliza "hizi pointi zilizoripotiwa zimekusanyika mahali pamoja kuliko zingemwagwa hovyo?". Ni ramani ya yule mzee wetu wa visima vyenye maji. Kwa hiyo ukitumia ALE usiandike popote kwamba "meta-analisisi yetu inathibitisha wagonjwa wana ongezeko sehemu fulani" bila kusema kapa zilikuwa ngapi.

Unachoweza kufanya ndani ya ALE ni kupima uimara. Acar na wenzake mwaka 2018 walitoa njia nzuri, unatengeneza tafiti za uongo ambazo pointi zake zimemwagwa hovyo kwenye ubongo, idadi ya watu na ya pointi inafanana na ya tafiti zako, unaziongeza kidogo kidogo mpaka klasta yako ipotee, na unaangalia imepotea baada ya ngapi. Ikipotea baada ya kuongeza mbili tatu hiyo klasta ni ya kioo. Ila isipopotea hata ukiongeza lundo usishangilie haraka, huenda ni tafiti chache tu zenye watu wengi ndo zinaibeba, nenda kaangalie nani anachangia. Unaongeza hovyo ngapi? Samartsidis na wenzake mwaka 2020 walikadiria kwamba kwenye hifadhi ya BrainMap zinakosekana kama majaribio 6 kwa kila 100 yaliyochapishwa, basi mimi naanzia juu zaidi ya hapo kwa usalama, na kapa nilizozikuta mwenyewe nazijumlisha kwenye ile namba kwa sababu hizo sikisii, ninazo mkononi.

Kuna pia MKDA, ambayo inahesabu ni sehemu gani ya tafiti zilizoweka pointi karibu na vokseli fulani, kawaida milimita 10. Hapa mtu anasema aah, kapa inaingia kwenye mgawanyo, asilimia inashuka, tumepona. Nusu kweli. Asilimia inashuka sawa, "tafiti 9 kati ya 24" inakuwa "9 kati ya 31" na hiyo ni ya ukweli zaidi, iripoti. Ila kipimo cha umuhimu kinatengenezwa kwa kuzihamisha hovyo pointi za kila utafiti, kapa haina pointi za kuhamisha, kwa hiyo na kizingiti kinashuka kwa uwiano uleule, mwisho klasta zinabaki zilezile. Inabadilisha maelezo, haibadilishi uamuzi.

Ukitaka kapa ziamue kitu kweli nenda SDM-PSI, ya bure hiyo, maelezo yake yalichapishwa 2019. Hii inafanya kazi na ukubwa wa tofauti, sio pointi tu. Matoleo ya zamani mbali na pointi yalikuwa yanaweka sifuri, ambayo tumeshakubaliana sio haki, mita 60 sio mwisho wa dunia. Hii mpya inasema sawa, utafiti huu ulikuwa na kizingiti cha t 3.32, haukuvuka popote, kwa hiyo t ya kweli kila vokseli iko katikati ya −3.32 na +3.32, afu inakisia mara nyingi ndani ya mipaka hiyo kwa kuangalia tafiti nyingine zinasemaje, na mwisho inaunganisha makisio yote. Kapa ya watu 200 ina mipaka myembamba inavuta matokeo kwa nguvu, kapa ya watu 40 ina mipaka mipana inavuta kidogo. Hivo ndo inavyotakiwa.

Kwa vitendo, kapa unaitengenezea faili tupu la maandishi lenye jina la pepa likimaliziwa na no_peaks, na kwenye jedwali lile kuu unaweka n1, n2 (idadi ya watu kila kundi) na safu ya t_thr (kizingiti cha t cha pepa ile). Hiyo t_thr ndo moyo wa kazi yote, ukiikosea mipaka yote inakosea. Ikiwa pepa imesema p tu igeuze kuwa t kwa digrii huru n1+n2−2, na angalia ni upande mmoja au pande mbili. Wakisema wamerekebisha kwa ubongo mzima kwenye vokseli, kizingiti chao cha t kiko juu zaidi ya kile cha 0.001 kisichorekebishwa, usiweke 3.3 kwa mazoea. Kwenye marekebisho ya klasta pana mtego, kizingiti cha kuunda klasta kinaweza kuwa 3.1 lakini vokseli kadhaa zinaweza kuwa zimekipita zikatupwa kwa sababu klasta ilikuwa ndogo, kwa hiyo mpaka huo unavuja kidogo. Mimi naweka kile cha kuunda klasta, naweka alama kwenye eksel, afu narudia uchambuzi nikiwa nimezitoa hizo nione kama kuna kinachoyumba. Na pepa zisizotaja kizingiti kabisa? Zipo, tena kwenye majarida makubwa. Imeili.

Permutesheni 1000 (kuchanganya data hovyo na kurudia hesabu) kwenye laptopu ya kawaida zinakula masaa, kwa hiyo washa usiku na uhakikishe betri inakaa na chaji, umeme ukikatika saa nane usiku utanikumbuka.

Baada ya hapo endesha mara mbili, mara moja na kapa na mara moja bila kapa, weka ramani mbili pembeni kwa pembeni. Klasta iliyokuwepo bila kapa ikapotea na kapa, hiyo ndo uliyokuwa unataka kuiandikia makala. Pole. Toa na pepa moja moja kwa zamu uone. Zile chati za faneli na kipimo cha Egger, za kunusa kama kuna tafiti zilizofichwa, zitumie kwa tahadhari, kwa sababu kwenye kilele cha klasta umeshachagua vokseli iliyopendeza kuliko zote, lazima itavutia.

Na dogo aliponiuliza "je kaka nikiweka kapa zote afu jibu zima likatoka kapa?" nikamwonyesha kazi ya Müller na wenzake ya 2017 kwenye JAMA Psychiatry, mada ileile yake ya sonona, tafiti 57 zenye majaribio 99 na wagonjwa 1058, uchambuzi mkuu haukuonyesha mkusanyiko wowote. Na ilichapishwa, tena jarida zito. Mwandiko tu ndo uwe makini, useme "hatukuona mkusanyiko" na sio "ubongo wa mgonjwa hauna tofauti".

Kwenye kuandika, mchoro wa PRISMA (unaoonyesha pepa ngapi zimeingia na ngapi zimetoka) uwe na kisanduku cha kapa chenye namba yake, jedwali la tafiti liwe na mistari ya kapa pamoja na nyingine, na sentensi moja ya njia iseme programu yako ilizifanyia nini. Mhakiki akikuuliza kwa nini umeweka pepa isiyo na koodineti mjibu kwa hesabu ile ya d.

Zile saba za dogo tulizitafuta upya kwenye historia ya brauza mpaka saa tano usiku tukila karanga. Mbili hazikuwa kapa kabisa, koodineti zilikuwa zimekaa kwenye viambatisho, hakufungua. Moja ilikuwa ya eneo teule. Moja ina picha nzuri nyekundu bila namba, tumemwandikia mwandishi, hajajibu mpaka leo. Tatu ndo kapa za kweli, na mojawapo ndo yenye watu wengi kuliko pepa zake zote. Saivi anaendesha na t_thr zake, jana kanipigia anasema klasta moja imebaki kati ya nne alizokuwa nazo, supavaiza anataka waonane Jumatatu.